Mbung'o wa Tanga Waliookoa Ng'ombe wa Unguja

Likitajwa neno mionzi, fikira za wengi wetu hukimbilia mabomu na maradhi. Si ajabu, kwani haionekani wala haisikiki, na mwenye kuichezea bila ya hadhari hujidhuru. Lakini katika mji wetu huu wa Tanga mionzi ilitumiwa kwa kazi ambayo watoto wengi wa hapa hawaijui, nayo ni kumwondoa mbung'o katika kisiwa cha Unguja.

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hunyonya damu, na katika kunyonya humwachia ng'ombe vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, maziwa hukatika, mimba huharibika, na mara nyingi mwisho wake ni kufa. Huko Unguja dawa iliyomiminwa migongoni mwa ng'ombe na vitambaa vilivyotiwa sumu viliwapunguza sana wadudu hao, ila katika msitu wa Jozani walibaki.

Ndipo ilipotakiwa hila nyingine. Mnamo 1927 Mmarekani Hermann Muller alikwisha kuonyesha ya kuwa eksirei huharibu urithi uliomo katika mbegu za uzazi za nzi wa matunda. Kwa maarifa ya namna hiyo, taasisi ya utafiti wa mbung'o hapa Tanga, ikisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomu, ilifuga mbung'o kwa malaki, ikiwanywesha damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba mfano wa ngozi. Kisha madume wakapigwa mionzi ya gama kwa kipimo. Na kipimo ndicho roho ya kazi yenyewe: kikizidi, dume hudhoofika asiweze kushindana na wenziwe wa mwituni, kikipungua, hubaki na uwezo wa kuzalisha.

Mbung'o jike naye ana tabia yake. Kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika umri wake, wala hatagi mayai kama nzi wengine, bali huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku 9 au 10. Basi akitangulia kumpata dume tasa, kizazi chake kimekwisha.

Kijana mmoja chuoni kwetu alituuliza, "Maalim, kwani dume hang'ati?" Tulilifurahia swali lile, maana mbung'o dume pia hunyonya damu. Kwa ajili hiyo, kabla ya kufunguliwa walinyweshwa damu iliyotiwa dawa ya kuzuia vijidudu vya nagana.

Tangu Agosti 1994 hadi Desemba 1997 ndege ndogo ziliwamwaga juu ya kisiwa madume zaidi ya 8,000,000. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na wafugaji wa Unguja wakaweza kuweka ng'ombe wa maziwa bila ya hofu ile ya zamani.

Mbona basi sisi wa Mrima tungali tunang'atwa? Kusini ya Pangani, huko Mkwaja, madume tasa walijaribiwa katika miaka ya 1970. Mbung'o walipungua, lakini Mkwaja haikuzungukwa na bahari, na wengine wakarudi kutoka maporini. Siku hizi shamba lile la ng'ombe limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na mbung'o wamo vile vile.