Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne (2): Je, Shule Yetu Imeupita Wastani wa Taifa?

Juma lililopita tulieleza namna Baraza la Mitihani la Tanzania linavyopanga madaraja. Leo tujibu swali ambalo wazazi huulizana kila matokeo yanapotoka, kuanzia Bariadi mjini hadi kata ya Ipililo wilayani Maswa: shule yetu ikoje ikilinganishwa na taifa zima?

Wengi hutazama asilimia ya ufaulu peke yake. Kwa mtihani wa 2024 ufaulu wa kitaifa ulikuwa asilimia 92.37, kutoka 89.36 mwaka 2023. Shule ya kata iliyofaulisha asilimia 95 itaonekana imeupita wastani. Lakini hesabu hiyo inawaweka pamoja mwenye daraja la kwanza kwa pointi 7, yaani A saba, na mwenye daraja la nne kwa pointi 33, kwa mfano D mbili na F tano. Wote "wamefaulu". Ukihesabu daraja la kwanza hadi la tatu tu, waliofika hapo kitaifa mwaka 2024 hawakutimia nusu. Ulinganisho wenye maana uanzie hapo.

Kisha tazama somo moja moja. Katika Hisabati, ufaulu wa kitaifa umekuwa ukizunguka robo ya watahiniwa. Shule yenye asilimia 30 imeupita wastani huo, na bado wanafunzi 70 katika kila 100 hawakupata hata alama 30 za D. Kuupita wastani ulio chini si ushindi.

Jambo la tatu halimo kabisa kwenye karatasi ya matokeo. Asilimia hukokotolewa kwa waliofanya mtihani. Tuseme wanafunzi 120 walianza kidato cha kwanza, 70 wakafika kwenye chumba cha mtihani na wote wakafaulu. Matokeo yatasoma asilimia 100. Ukiwahesabu walioanza, ni asilimia 58. Binti aliyeozwa na kijana aliyeacha shule akachunge ng'ombe au alime pamba hawamo kwenye wastani wowote, ingawa ni watoto wetu vilevile.

Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu shule ya bweni inayochagua wanafunzi haiwezi kupimwa sawasawa na shule ya kutwa inayompokea kila mtoto wa kata. Lakini sasa kazi ya kuyasoma matokeo imebaki mikononi mwetu.

Basi mzazi, kikao kijacho cha shule usiridhike na asilimia ya ufaulu. Uliza: wangapi wamepata daraja la kwanza hadi la tatu? Hisabati ikoje? Na walioanza kidato cha kwanza wako wapi? Usiondoke kikaoni kabla hujajibiwa.