Je, Wajua? Kiyoyozi Hakitengenezi Baridi

Je, wajua kiyoyozi hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu? Kilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms, mtaani Brooklyn, New York, kilikuwa kikiharibikiwa kazi kila kiangazi. Hewa ikijaa unyevu karatasi zinavimba, ikikauka zinasinyaa, na rangi zinazochapwa moja juu ya nyingine hazikutani. Mhandisi Willis Carrier, kijana wa miaka 25, akapewa kazi ya kuudhibiti unyevu huo. Akapitisha hewa kwenye mabomba ya maji baridi, unyevu ukageuka matone, karatasi zikatulia. Raha ya wafanyakazi haikuwa sehemu ya kazi aliyopewa.

Je, wajua kiyoyozi hakitengenezi baridi? Kinahamisha joto. Gesi iliyo ndani ya mabomba yake hupita chumbani ikiwa baridi, ikalinyonya joto, ikatoka nalo nje. Huko kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, na hapo inalitema lile joto uani, au kwa jirani. Ndiyo maana mashine ya nje hupuliza hewa ya moto. Ndiyo maana pia kuacha mlango wa friji wazi ili jiko lipoe ni kujidanganya: joto linaloondolewa mbele linatemwa mgongoni, na la mota linaongezeka juu yake.

Je, wajua maji yanayochuruzika kwenye kile kibomba cha nje ni unyevu wa chumba chako? Katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, mashine moja ya chumba cha kulala inaweza kukamua zaidi ya lita 10 kwa siku. Mtu wa pwani anajua kwamba kinachoudhi si joto peke yake, ni jasho lisilokauka; nusu ya raha ya kiyoyozi iko kwenye huko kukausha hewa. Maji hayo pigia deki, mwagilia maua. Usiyanywe, yamepita kwenye vumbi na vyuma. Huko Dubai, jengo la Burj Khalifa hukusanya takriban lita milioni 57 za maji ya namna hiyo kwa mwaka na kumwagilia bustani zake.

Je, wajua mashine kubwa kupita kiasi ni hasara? Inapoza chumba upesi mno, inajizima kabla haijaukausha unyevu, na unabaki kwenye chumba chenye baridi ya pango. Kipimo cha chumba kwanza, duka baadaye.

Je, wajua “tani moja” ya kiyoyozi haina uhusiano na uzito wake? Zamani watu walipoza vyakula na vyumba kwa mabarafu yaliyokatwa kwenye maziwa yaliyoganda. Tani moja ya barafu, ile tani ya Marekani ya kilo 907, ikiyeyuka kwa saa 24 hunyonya joto la BTU 12,000 kwa kila saa. Mashine zilipokuja, wafanyabiashara wakaendelea na hesabu waliyoizoea. Kwa hiyo ile spliti ya BTU 12,000 inayouzwa Kariakoo ni tani moja ya barafu inayoyeyuka, usiku na mchana.

Je, wajua nyumba ya kwanza inayofahamika kuwekewa kiyoyozi huenda haikuwahi kukitumia? Ilikuwa kasri la tajiri Charles Gates huko Minneapolis, Marekani. Mashine yake ya mwaka 1914 ilikuwa na urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2, chumba kizima kwa saizi ya nyumba zetu nyingi. Gates mwenyewe alifariki mwaka 1913, kabla jumba halijakamilika.

Sasa twende kwenye kiyoyozi cha kati, yaani mashine moja inayopoza nyumba nzima kupitia mifereji ya hewa, ambayo mafundi huiita dakti. Je, wajua Marekani karibu theluthi mbili ya nyumba hupozwa kwa namna hiyo? Faida zake ni za kweli. Kelele ya kompresa inabaki nje. Kitufe cha kupima joto, thamostati, ni kimoja kwa nyumba yote. Hewa ya vyumba vyote inapita kwenye filta moja, ukiisafisha hiyo umesafisha nyumba. Na kuta hazitobolewi ovyo kama ilivyo kwa ghorofa zetu za Upanga, ambazo kila dirisha lina kisanduku kinachodondoshea wapita njia maji.

Lakini je, wajua kwamba katika nyumba ya kawaida ya Marekani asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mifereji hiyo huvujia darini? Maungio yanaachia, hakuna anayepanda kuyatazama, na mwenye nyumba analipa kupoza mabati na panya. Wengine huona ni ujanja kuziba matundu ya vyumba visivyotumika. Hilo nalo ni kosa: feni ile ile inasukuma hewa ile ile kwenye njia chache, msukumo unapanda na uvujaji unazidi.

Maoni yangu ni kwamba kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki mfumo huu hautufai. Nyumba nyingi za ghorofa zina dari ya zege isiyo na pa kupitishia mifereji, na kupoza vyumba vinne wakati watu wote wamelala katika kimoja ni kutupa pesa. Anayetaka mashine moja ya nje bila mifereji mikubwa ana njia ya kati: mwaka 1982 kampuni ya Daikin ya Japani ilileta mfumo wa kiyoyozi kimoja cha nje kinachogawa gesi kwa vyumba vingi, kila chumba na rimoti yake. Hoteli na maofisi mengi yanautumia.

Je, wajua kuweka rimoti kwenye nyuzi 16 hakuharakishi baridi? Mashine ya kawaida ikiwaka inafanya kazi kwa nguvu moja tu. Namba ya rimoti inaiambia isimame wapi. Ukiiambia isimame 16, chumba cha Tanga mwezi Februari hakitafika huko, basi haisimami, na umeme wa LUKU unakwisha. Mashine za inveta, zilizoanza kuuzwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndizo zinazoweza kupunguza mwendo. India ilishaamua: tangu 2020 viyoyozi vya vyumba vinavyouzwa huko hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24.

Je, wajua pangaboi halipozi chumba? Linampoza mtu, kwa kumkausha jasho. Ukiliwasha pamoja na kiyoyozi unaweza kupandisha rimoti kwa nyuzi 2 hivi na usihisi tofauti. Ukitoka chumbani, lizime, maana ukuta hautoki jasho.

Je, wajua barafu kwenye kiyoyozi si dalili ya afya? Watu huiona wakafurahi. Barafu kwenye mabomba maana yake hewa haipiti vizuri kwa sababu filta imeziba, au gesi imepungua. Zima, acha iyeyuke, toa filta, ioshe kwa maji ya bomba, ianike kivulini, irudishe ikiwa imekauka. Haihitaji fundi, na mtoto wa darasa la saba anaweza. Wataalamu wa nishati Marekani wanasema kuitoa filta chafu na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa vumbi la Dodoma fanya hivyo kila mwezi. Kile kibomba cha maji nacho kimiminie kikombe cha siki mara moja moja, utelezi hukiziba na maji yakarudi ukutani.

Je, wajua ukikaa karibu na bahari adui ni chumvi? Mapezi ya alumini ya mashine ya nje huliwa taratibu mpaka yanageuka unga. Zima umeme kwenye swichi kuu, yamwagie maji baridi kwa mpira wa bustani, si kwa mashine ya kuoshea magari inayoyapinda. Usiizungushie mashine hiyo kuta wala maua ya kuificha: isipopata pa kutemea joto, inalivuta lile lile tena.

Je, wajua kompresa inahitaji dakika 3 za kupumua? Ikizimika, msukumo wa gesi pande zake mbili haulingani. Umeme ukirudi papo hapo inaanza kazi ikiwa imebanwa, inavuta umeme mwingi, na siku moja haiamki tena. Kinga ya umeme yenye kuchelewesha ni bei ya sahani chache za biriani ukilinganisha na kompresa mpya.

Je, wajua jiji la Kigali limeingia kwenye historia ya viyoyozi? Gesi za zamani zilizobuniwa na Thomas Midgley na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitoboa tabaka la ozoni, zikabanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Zilizochukua nafasi yake haziigusi ozoni lakini zinapasha dunia joto: kilo 1 ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja ni sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza hizo pia. Ndiyo sababu vibandiko vya mashine mpya vinaandikwa R-32, yenye madhara chini ya theluthi moja ya hayo, au R-290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi ya mtungi wako wa jikoni. Na kwa kuwa inawaka, isiguswe na fundi wa kubahatisha.

Na hili la mwisho lilinigharimu. Je, wajua gesi ya kiyoyozi haiishi? Ya kupikia inaungua. Hii inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda rudi, bila kupungua. Mimi nilijaziwa gesi Desemba tatu mfululizo na fundi yule yule, nikimshukuru na nauli juu. Desemba ya nne akaja mwingine, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Kwenye nati moja povu likaanza kuchemka. Akakata ncha ya bomba, akaifunga upya, na tangu hapo hakuna aliyerudi na mtungi. Fundi akikwambia gesi imeisha, muulize imevujia wapi, kabla hujatoa pochi.