Kuzungusha si Kukoroga

Ni nani asiyewahi kunywa chai isiyokolea, kisha mafunda ya mwisho yakamjia matamu kama asali? Sukari ilitiwa na kijiko kilizungushwa, lakini havikuchanganyika. Katika chai, hilo ni jambo la kuchekesha. Katika dawa ya mtoto anayeharisha, si la kuchekesha hata kidogo.

Kosa letu ni kudhani kwamba kuzungusha ndiko kukoroga. Kijiko kinapofuata duara moja, maji nayo hugeuka kama gurudumu: kila tabaka hushika njia yake, na lililo jirani hubaki na jirani yake. Tazama majani ya chai. Ukiisha kuzungusha, hukusanyika katikati ya kitako cha kikombe badala ya kutawanyika. Na katika maji yaliyotulia kabisa, sukari iliyo chini ingehitaji majuma mengi ili ienee yenyewe hadi juu.

Jambo hili lilifafanuliwa vyema na Hassan Aref, mtaalamu mzaliwa wa Iskandaria, Misri, aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984, alichukua mfano wa chombo chenye vikorogeo viwili vinavyopokezana zamu. Kikorogeo kimoja peke yake kilizungusha tu. Viwili vilipopokezana kwa zamu zilizopangwa vyema, kimiminika kilivutwa na kukunjwa, kikavutwa tena na kukunjwa tena, hata kikachanganyika karibu chombo kizima. Siri haikuwa nguvu, bali kubadili njia.

Kina mama wanaijua siri hiyo katika chapati: donge husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa, kisha husukumwa tena. Ukikunja mara mbili kila unaposukuma, tabaka moja huwa mawili, mawili huwa manne, na mikunjo 10 huzaa tabaka 1,024.

Basi tuitumie elimu hii nyumbani. Unapotayarisha ORS ya pakiti ya lita 1, pima maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha tia unga wote wa pakiti. Fikisha kijiko chini kabisa, inua maji ya chini yaje juu, kata katikati, kisha geuza upande. Endelea mpaka usione chembe. Usipofanya hivyo, kikombe cha kwanza huwa hafifu kisimfae mtoto, na cha mwisho hujaa chumvi inayoweza kumdhuru. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Na mtoto akizidi kudhoofu, apelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa.

Hata uji hufuata kanuni hiyohiyo: mwiko upite chini, ukate katikati, ubadili upande. Mwiko ni uleule na mkono ni uleule. Tofauti imo katika njia unayoupitisha.