Dima, Mahaba na Boksi Dogo

Mume wangu alirudi na dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, eti chumba chetu kiwe na mwanga wa mahaba. Wazo tamu! Lakini dima ina mgongo mnene kuliko swichi ya kawaida, na boksi letu ukutani lina kina cha milimita 16 tu. Ndani, nyaya zimejazana kama dagaa kwenye kopo.

"Sukuma tu mama, itaingia."

Nikagoma. Waya ukibanwa mpaka ukachubuka, ukagusa boksi la chuma lisilo na ethi, hata skrubu za swichi hubeba volti 230. Hizo hizo mnazozipapasa gizani mkitafuta pa kuwashia.

Tukajaribu kwa adabu. Testa tuliihakikisha kwanza kwenye soketi yenye umeme, ndipo tukazima meni swichi na kupima tena pale ukutani. Mimi nikakaa mlinzi wa meni, maana wifi yangu alikuwa na nguo za kupiga pasi, na subira si fani yake. Nyaya zikapigwa picha kwa simu, zikakunjwa moja moja kama herufi Z kuelekea nyuma.

Dima ikagoma bado. Basi swichi ya zamani ikarudi, tukamwita fundi umeme achimbe ukuta na kuweka boksi la milimita 35. Balbu nazo tulibadili: si kila LED hukubali dima, nyingine hupepesa kama disko. Nani anataka disko saa nne usiku?