Kurudi Uwanjani, Kupigania Namba Upya

Mkoani Manyara, goti maarufu kuliko yote ni la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka, goti likateguka, naye akamaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika mwisho, mguu umefungwa bandeji. Kisa hicho kimesimuliwa mno. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Maumivu tunayapenda, habari za kupona tunaziruka.

Ila Akhwari alikuwa na nafuu moja: mkimbiaji akipona, barabara ni ile ile. Kijana anayecheza kikapu katika shule ya sekondari hapa Babati akivunjika leo, kesho kuna mwenzake amevaa jezi yake. Timu inajifunza kucheza bila yeye. Akirudi anakuta namba imeshachukuliwa, na goti nalo si lile la zamani.

Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Mmarekani Shaun Livingston. Mwaka 2004 alichaguliwa wa nne kuingia ligi ya NBA, moja kwa moja kutoka sekondari. Livingston alikuwa mpangaji wa mchezo mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, mwepesi, anayeruka. Februari 26, 2007, akiichezea Clippers ya Los Angeles, alitua vibaya baada ya kukimbilia kikapu peke yake. Goti la kushoto lilitoka mahali pake na kano zake zikachanika, kiasi kwamba madaktari walimweleza kuwa huenda mguu ukakatwa.

Alirudi uwanjani mwaka 2008 akiwa Miami, kisha akazunguka timu moja baada ya nyingine, mara anaachwa, mara anachukuliwa. Kasi ile haikurudi. Kilichobaki ni urefu, macho na akili, na juu ya hivyo ndipo akajenga mchezo mwingine: anamsukuma taratibu beki mfupi kuelekea kikapuni, anageuka, anatupia juu ya kichwa cha beki huyo kutoka mita nne au tano. Mitupo ya pointi tatu, ambayo kila mtu siku hizi anaililia, hakuigusa sana. Timu ya Golden State ilimchukua mwaka 2014 awe mchezaji wa akiba. Alikuwa akipewa dakika kama 15 hadi 20 kati ya 48, mara nyingi wakati nyota wao Stephen Curry akipumzika, na akatwaa ubingwa mara tatu: 2015, 2017 na 2018.

Klay Thompson wa timu hiyo hiyo alipata mtihani mgumu zaidi kwa moyo, kwa sababu yeye alishakuwa nyota. Alichanika kano ya goti Juni 2019, na Novemba 2020 ikakatika ile ya kisigino. Alirejea Januari 9, 2022, akafunga pointi 17, na Juni mwaka huo wakawa mabingwa. Lakini Februari 15, 2024, kocha Steve Kerr alimwanzisha benchi, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu msimu wake wa kwanza. Usiku huo alifunga pointi 35.

Kano iliyomchanika Thompson gotini, ile ya mbele iliyo katikati ya goti, ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe. Daktari hupandikiza nyingine, mara nyingi kutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Upasuaji huo ni mwanzo tu. Utafiti wa wanasayansi wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia upya kwa karibu nusu. Wasichana wanapaswa kuwa makini zaidi, maana kano hiyo huwakatika mara nyingi kuliko wavulana wa mchezo huo huo.

Hapo ndipo kalenda yetu inapogombana na goti. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huja mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiikosa, huenda asipate nyingine. Atasema hasikii maumivu, na kocha mwenye timu nyembamba atatamani kumwamini. Kuna kipimo kisichohitaji mashine: mchezaji aruke kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, na umbali upimwe kwa futi ya fundi. Mguu uliopona usipofikia angalau asilimia 90 ya mwenzake, bado. Ukifikia, na miezi ile tisa ikiwa imetimia, aanze na dakika tano au sita za robo ya pili, akigawa mipira na kutupia kutoka mbali, huku kuruka kugombea ribaundi akiachiwa yule aliyeshika namba yake.