SUKARI YAPANDA POLE POLE: TUJUE MAPEMA

Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa ambao watu wa Fizi na Baraka wanautaja kwa neno moja tu: "sukari." Tutasema zaidi juu ya hatua inayotangulia ugonjwa wenyewe, wakati sukari imeanza kupanda katika damu lakini haijafika kiasi cha ugonjwa. Wanganga wanaiita prediabeti. Ni hatua ya maana sana, kwa sababu mtu aliye ndani yake angali na njia ya kurudi.

KARUHO AO SUKARI?

Katika Kivu yetu, mtu akikonda, akinywa maji bila kukata kiu, akiamuka mara kwa mara usiku kwenda kukojoa, majirani hawakawii kusema: "Huyu walimupa karuho." Kule Misisi ao Lubichako, ambako watu wametoka pande nyingi kutafuta zahabu na hawajuani vizuri, neno kama hilo linatembea upesi. Familia inauza mbuzi ili kumlipa mwenye kutapisha sumu. Mama mzee wa jirani anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Wakati huo wote sukari inazidi kupanda. Mwisho mgonjwa anapoteza fahamu, pengine anakufa, na nyuma yake familia mbili zinabaki maadui.

Kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, kukonda, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, ganzi miguuni: hizi ni dalili za ugonjwa wa sukari uliokwisha kuingia. Tone moja la damu ya kidole na mashini ndogo vinatosha kuonyesha kama ni sukari, na jibu linatoka kabla ya dakika moja kuisha. Basi tusimshitaki mtu. Kwanza tupime.

NAMNA SUKARI INAVYOPANDA

Tunapokula bugali, mchele, viazi ao mkate, tumbo linavigeuza kuwa sukari, na sukari inaingia katika damu. Ndiyo maana mtu anayesema, "Mimi sikunywake chai ya sukari, siwezi kugonjwa," anajidanganya. Bugali wa muhogo hauna utamu mdomoni, lakini ndani ya damu unakuwa sukari vilevile.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatoa maji yanayoitwa insulini, nayo ni kama ufunguo unaofungulia sukari mlango ili iingie katika nyama ya mwili na kutupa nguvu. Mafuta yakizidi tumboni, na mwili ukikaa bila kazi, milango inakuwa migumu. Kongosho linaongeza funguo. Miaka inapita, linachoka, na sukari inabaki katika damu. Haya hayatokei kwa siku moja, na mwenye mwili hasikii kitu.

HESABU ZA KUKUMBUKA

Munganga akikupima asubuhi kabla hujala, chini ya 100 ni vizuri. Kati ya 100 na 125, wanganga wengi wanasema ni prediabeti. Shirika la Afya Duniani linaanza kuihesabu kwenye 110. Kuanzia 126, ikionekana tena siku ingine, ni ugonjwa wa sukari. Mashini zingine zinaandika kwa kipimo kingine: 100 ni 5,6 na 126 ni 7,0. Muulize munganga akueleze namba yako, uiandike katika kitabu chako.

Mara nyingi prediabeti haina dalili hata moja. Watu wengine wanaona ngozi ya shingo ao ya makwapa inakuwa nyeusi na nene; wanasugua kwa sabuni wakifikiri ni uchafu, lakini haitoki.

Nani anapaswa kupima hata kama anajisikia mzima? Mwenye mzazi ao ndugu wa tumbo moja aliye na sukari. Mwenye tansio. Mwenye tumbo kubwa. Aliyepita miaka 40. Mama aliyepata sukari wakati wa mimba, ao aliyezaa mtoto wa zaidi ya kilo 4. Na hata wembamba wasijione salama. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikubali kuitambua aina ya tano ya ugonjwa huu, inayowapata watu wembamba waliokosa chakula cha kutosha katika maisha yao. Sisi tuliokimbia vita na njaa mara nyingi tusikilize vizuri jambo hilo.

NJIA YA KURUDI IKO

Mwaka 2002 wanganga wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 3.000 waliokuwa na sukari iliyoanza kupanda. Wale waliofundishwa kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa 58 kwa mia. Wale waliopewa dawa iitwayo metformine waliipunguza kwa 31 kwa mia. Maana yake, miguu na sahani vilishinda kidonge. Uzito wenyewe haukuwa mwingi: mtu wa kilo 80 alitakiwa kuacha karibu kilo 5 na nusu. Lakini ndugu uliye mwembamba, wewe usijikondeshe. Fuata shauri la munganga.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Mama anayetoka shambani na mzigo wa muhogo amekwisha kuzipita. Neno hili linatuhusu zaidi sisi tunaokaa: mwenye duka, mununuzi wa zahabu anayeshinda kwenye mizani, mumotari, mwalimu, na hata mchungaji. Tushuke kwenye moto, twende kwa miguu.

SAHANI YA NYUMBANI

Mungu ametupa chakula kizuri hapa kwetu. Gawanya sahani yako hivi: nusu iwe sombe, lengalenga, bilinganya ao majani mengine, robo iwe maharagi, ndagala ao samaki mwingine wa ziwa, robo iliyobaki iwe bugali, usipite ukubwa wa ngumi yako. Mawese tusiyamwage kama maji. Ndizi moja ni tunda. Mkungu mzima si tunda tena.

Hapa wababa wengi wanalalamika: "Mwanaume anashiba na bugali." Baba, majani na maharagi vinashibisha pia, na vinapandisha sukari pole pole. Tena mama asipike chungu cha mgonjwa na chungu cha wazima. Chakula hiki kinawafaa wote, hata watoto, na mgonjwa asipotengwa anavumilia vizuri.

CHUPA ZA KWENYE MACHIMBO

Vijana wetu wa machimbo wanatoka shimoni na kiu kali, na mara moja wanashika chupa ya soda. Chupa ndogo ya kola, ya santilita 33, ina karibu gramu 35 za sukari: ni vijiko vidogo 8 ao 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa bora chini ya 25. Chupa mbili, na umekwisha kupita mpaka. Hatujahesabu chai ya vijiko vinne wala mandazi ya asubuhi. Kata kiu kwa maji yaliyochemshwa. Pombe kali kama rutuku inaharibu ini na kongosho, na inakula pesa ya familia inayokungoja nyumbani.

Asali na miwa ni sukari pia, hata kama vimetoka porini na shambani. Na dawa ya miti, hata ikiwa chungu namna gani, haiui sukari kwa uchungu wake.

MAOMBI NA DAWA

Kuna ndugu wanaoacha dawa baada ya kuombewa. Tuseme wazi: Luka alikuwa munganga, naye alitembea na Paulo, Biblia haioni ugomvi kati ya maombi na matunzo. Anayeamini kwamba Mungu amemponya aende apimwe. Kama sukari imeshuka, munganga mwenyewe atapunguza dawa, na sote tutamshukuru Mungu.

Juu ya kufunga: anayekunywa dawa za sukari ao anayepigwa sindano ya insulini asifunge bila kumwuliza munganga, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla. Akitetemeka, akitokwa na jasho na kuchanganyikiwa, kama angali anaweza kumeza mpeni maji ya sukari upesi, kisha chakula. Asipopata nafuu mpelekeni lopitali. Wazee wa kanisa wasimwite mtu huyo mvivu wa kiroho.

Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme, wakaomba majani na maji kwa siku kumi, na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine. Walifanya hivyo kwa ajili ya utakatifu, si kwa sukari. Lakini tunaona kwamba meza pia ni mahali pa kumtii Mungu. Aliye Baraka, Fizi, Nundu ao Lulimba asingoje kiu, akifika lopitali kwa jambo lolote, aulize: "Munaweza kunipima sukari?"

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika ukoo wetu, nani alikuwa na sukari? Ni nani kati yetu anapaswa kupima mwezi huu?
2. Nyumba yetu inatumia sukari kiasi gani kwa juma? Tunaweza kupunguza nini kuanzia kesho?
3. Je, kuna mtu tuliyemsingizia karuho ao ulozi kwa ajili ya ugonjwa ambao haukupimwa? Twende tumwone, tupatane naye.

Bwana awalinde.