Klachi Ikiisha, Vumbi Lake Huenda Wapi?

Kati ya Awendo na Rongo, kwenye barabara kuu inayotoka Isebania kwenda Kisii, matrekta ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony hujikokota yakivuta matrela yaliyosheheni. Dereva wa Subaru Impreza ya zamani anayetaka kulipita trekta hushusha gia hadi ya tatu, kisha hukanyaga mafuta. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unaruka, lakini mwendo hauongezeki. Mbele, lori linakuja. Wapo wanaogundua papo hapo kwamba klachi yao imekwisha, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kugundulia jambo hilo.

Klachi ilikuwa imetoa taarifa mapema. Kazi yake yote ni msuguano: flaiwili iliyofungwa kwenye injini na presha pleti yenye springi kali huibana klachi pleti katikati yao, sahani ya chuma iliyovikwa pande zote mbili tabaka la nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Kila gari linapoondoka, sahani hiyo huteleza kidogo kabla ya kushika, na tabaka hulika. Baada ya miaka mingi linabaki jembamba, mbano hupungua, na riviti zilizolishikilia husogea karibu na uso wa flaiwili. Zikifika, zinauchimba mifereji, na gharama ya kutengeneza hupanda.

Magari ya michezo ya Kijapani ya miaka ya 1990 yana tatizo la ziada. Impreza ilitoka mwaka 1992, na Colin McRae alishinda Safari Rally kwa gari la jina hilo mwaka 1997. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana mizizi humo. Enzi hizo kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana zisitangaze zaidi ya nguvu farasi 280, kwa hiyo injini nyingi za turbo ziliachwa na akiba ambayo mafundi wa baadaye waliifungua kwa kuongeza presha ya turbo. Injini ikaongezewa nguvu, klachi ikabaki ileile.

Ndiyo maana klachi iliyochoka huweza kuficha ugonjwa wake mjini. Katika msongamano wa Migori, gia ya kwanza na ya pili, gari linakwenda vizuri tu. Kuteleza huanza pale injini inapotoa msukumo mkubwa kwenye gia ya juu: turbo imeamka, abiria wanne wamo, na barabara inapanda kutoka Rongo kuelekea milima ya Kisii. Mizunguko hupanda ghafla kisha hushuka yenyewe, kama mtu aliyekanyaga sabuni. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuaminika. Harufu kali ya kuungua hufuata, kwa sababu ile gundi imeanza kuchomeka, na tabaka lililochomeka hushika kwa udhaifu zaidi hata likishapoa.

Kipimo chake ni rahisi, na kinataka uwanja tambarare usio na watu. Breki ya mkono ikiwa imevutwa kabisa na mguu ukiwa kwenye breki, dereva huweka gia ya tatu au ya nne, huongeza mafuta kidogo, kisha huachia pedali ya klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza. Kipimo kifanywe mara moja tu; kurudia kunaimaliza klachi iliyokuwa na wiki chache za uhai.

Pedali nayo husema, ila lugha yake hupotosha. Kwenye klachi ya kebo, ambayo baadhi ya Impreza zisizo na turbo zinayo, mahali inaposhika hupanda juu kadiri tabaka linavyolika. Kwenye klachi ya mafuta mabadiliko hayo huwa madogo, na pedali inaweza kuwa nzito tu. Gia zikikataa kuingia au zikikwaruza huku pedali ikizama hadi chini, hilo mara nyingi ni kuvuja kwa mafuta ya klachi au hewa kuingia kwenye mfumo, na klachi pleti inaweza kuwa nzima. Fundi aangalie pia sili ya nyuma ya kranki. Oili ikivujia kwenye sahani, hata klachi mpya itateleza.

Upande wa Homa Bay, adui mwingine ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Lambwe na maeneo ya Ndhiwa. Mvua ikinyesha, gari likikwama, dereva hucheza na pedali nusu juu nusu chini akijaribu kulichomoa. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kula klachi zaidi kuliko miezi mingi ya safari za lami. Ni nafuu kuita watu wasukume.

Lakini tabaka hilo lote lililolika limekwenda wapi? Limegeuka vumbi, na sehemu kubwa ya vumbi hilo imebaki ndani ya ganda linalounganisha injini na gia, likimsubiri atakayelifungua. Mara nyingi huyo ni kijana wa jua kali anayelala chini ya gari, kisha kupuliza kila kitu kwa kompresa. Hapo suala la gari linageuka kuwa suala la mapafu.

Kwa miongo mingi, tabaka za klachi na breki zilitengenezwa kwa asbesto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaziweka aina zote za asbesto katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya mapafu na ile ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40, hata zaidi, kabla ya kujitokeza. Kijana wa leo hataweza kuuhusisha na kazi ya asubuhi moja. Japani ilipiga marufuku asbesto katika tabaka za klachi Oktoba 2004, Umoja wa Ulaya ukaizuia mwaka 2005, na Marekani ikatangaza marufuku yake mwaka 2024. Hata hivyo, madini hayo bado yanachimbwa Urusi, Kazakhstan na China, na vipuri vya bei ya chini visivyo na maelezo vipo sokoni. Kwa gari lililoundwa kabla ya 2004, au lililowekewa klachi isiyojulikana ilikotoka, busara ni kulichukulia vumbi lake kuwa la hatari.

Kinga haihitaji mitambo. Vumbi lilowanishwe kwa maji yenye sabuni kabla ya kuguswa, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Lisipulizwe kwa kompresa wala kufagiliwa likiwa kavu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo; inayofaa ni yenye kichujio, inayokaa vizuri usoni. Na ovaroli ivuliwe gereji, ifuliwe peke yake, kwa kuwa wapo wake na watoto wa wafanyakazi wa asbesto waliougua kutokana na vumbi lililoletwa nyumbani kwenye nguo.